Yai Lisilosagika

Kazi yangu ni kupima choo katika maabara ya zahanati moja hapa Kangemi. Kina mama wakipokea majibu ya watoto wao huniuliza: "Daktari, tumbo linasaga hata miba ya omena. Hili yai la mnyoo linaponaje?" Mimi si daktari, ila swali lao ni zuri.

Chini ya hadubini, yai la askarisi, ndiye mnyoo huyo, halijifichi: ni la mviringo, kahawia ya dhahabu, ukingo umejaa vinundu. Rangi hiyo imetoka kwenye nyongo yetu wenyewe. Chini ya vinundu kuna ganda gumu la kaitini, na ndani zaidi utando wa mafuta ambao tindikali na pepsini ya tumbo haziupenyi. Yai hili linaweza kukaa udongoni miaka likiwa hai. Saa chache tumboni haziliumizi.

Likifika utumbo mwembamba, joto la mwili na hewa ya kaboni dioksidi hulijulisha kwamba limefika. Hapo kiluwiluwi aliyemo ndani hutoa vimeng'enya vyake mwenyewe, akalainisha ganda kwa ndani, kisha akatoka. Hupitia ini na mapafu, akapanda kooni, akamezwa tena. Akishakua, huishi ndani ya tripsini, kimeng'enya cha utumbo cha kusaga protini, usiku na mchana asisagwe, maana mwili wake hutengeneza protini za kuizuia isifanye kazi. Miaka yote hii jambo hilo bado linanistaajabisha. Naye jike hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku.

Dawa ya albendazoli humtoa mnyoo, lakini haimkingi mtoto asimeze yai jingine kesho. Nimewapima watoto waliokunywa dawa shuleni, na baada ya miezi mayai yakaonekana tena. Kando ya Mto Nairobi kuna mashamba ya mboga yanayomwagiliwa maji machafu yanayoweza kubeba mayai haya, na vile vinundu hunata kwenye jani. Siki na chumvi za jikoni haziliui yai, wala klorini ya maji ya kunywa. Moto ndio unaoliua.

Kwa hiyo sukuma wiki iliyoiva vizuri hainipi wasiwasi. Ninayoihofia ni dania ya kachumbari, kwa kuwa haipiti motoni. Ioshe jani kwa jani kwa maji safi yanayotiririka, na kama hujui ilimwagiliwa maji gani, tafadhali usimpe mtoto ikiwa mbichi.