Mabaki ya Vita na Mkono wa Fundi

Sisi wenyeji wa Kamina tumezoea kuona chuma cha vita. Tangu Wabelgiji walipojenga ile kambi kubwa ya ndege iitwayo Baka, baada ya Vita Kuu ya Pili, nchi yetu imepitiwa na majeshi ya mataifa mengi. Kila jeshi lilikuja na magari yake na ndege zake, nalo lilipoondoka liliacha kitu nyuma. Watu wengi husema: hayo ni mabati mabovu, yakatwe yauzwe kwa kilo. Leo twataka kueleza kwa nini neno hilo lafaa kufikiriwa mara mbili.

Kwanza tutazame ndege. Katika miaka ya 1950 vijana wa Ubelgiji waliletwa Baka kujifunza urubani kwa ndege za Harvard. Harvard ni ndege ya watu wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma. Injini yake ina silinda tisa zilizopangwa duara, nayo ina nguvu za farasi 600. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Katanga ikajitenga, na Umoja wa Mataifa ukashika kambi ya Kamina. Serikali ya Katanga ilinunua Harvard za mkono wa pili, ndege za kufundishia tu, ikazifunga silaha. Upande wa Umoja wa Mataifa, Waswedi walikuja mwaka 1961 na ndege za jeti za Saab 29. Zilikuwa nene, hata watu wa kwao waliziita “Pipa”. Mwisho wa Desemba 1962 ndege hizo ziliruka kutoka Kamina zikashambulia kiwanja cha Kolwezi, na ndege kadhaa za Katanga ziliteketea pale pale chini.

Vita vikaisha. Mwaka 1963 Waswedi walikuwa wakirudi kwao. Je, walizichukua ndege zao? Nyingi hawakuzichukua. Waliona kwamba gharama ya kuzirudisha ni kubwa mno, na nyumbani hazihitajiwi tena. Basi wakaziharibu huku huku kambini. Kwa hesabu ya siku zile walikuwa na haki. Ndege za aina hiyo zilikuwa zimeundwa 661. Nani angelilia chache? Lakini leo zilizosalia huwekwa katika nyumba za makumbusho, na huko Uswidi wapenzi wa ndege za zamani wameifufua moja hata ikaruka tena. Harvard nazo ni vivyo hivyo. Jeshi la Afrika Kusini lilizitumia kufundishia hadi mwaka 1995, kisha nyingi zikauzwa kwa watu binafsi. Mafundi huzitunza kama yai, na wageni hulipa fedha ili wapandishwe tu.

Basi, ni nini kilichozidisha thamani? Si chuma, maana chuma ni kile kile. Ni mambo matatu: ufundi, vipuri na karatasi. Kila ndege ina daftari lake, lenye kuandikwa saa ilizoruka na kila kipande kilichobadilishwa. Daftari likipotea, ndege hufunguliwa na kukaguliwa upya kipande kwa kipande, na kazi hiyo yaweza kupita bei ya ndege yenyewe. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo hili tumelijua nyumbani mwetu. Marehemu baba yetu, aliyekuwa fundi, alituachia gari la Jeep la wakati wa Vita Kuu ya Pili, alilolinunua kwa mchuuzi. Magari ya namna hiyo yaliundwa zaidi ya 600,000, na baada ya vita mengi yaliuzwa kwa bei ndogo yakaenea duniani kote. Baba alilitunza kwa akili. Gasketi alizikata mwenyewe kwa karatasi ngumu. Springi ikivunjika aliipeleka kwa mhunzi. Sisi watoto tulishika taa na kumpa spana.

Baba alipofariki, tulihitaji ada ya shule ya mdogo wetu wa mwisho. Mnunuzi wa chuma akaja na mizani yake. Kabla ya kukata shauri tuliliosha gari, tukatazama chini. Magari hayo yaliundwa na Willys na Ford, nayo hufanana sana. Lakini katika Willys chuma kinachounga chasisi mbele ni cha mviringo kama bomba. Katika Ford kina pembe. La kwetu lilikuwa na pembe, na vichwa vya bolti vilikuwa na herufi F. Ndipo tulipojua kwamba lilikuwa Ford.

Akaja mchuuzi mwingine. Yeye hakutaka gari. Alitaka vibati vyake vya namba tu, na bei yake ilipita ile ya mwenye mizani. Tulimwuliza sababu. Alicheka tu. Nasi tukafahamu: vibati vile vingepigiliwa kwenye gari jingine, na mnunuzi wa mbali angedanganywa juu ya asili yake. Tulikataa. Gari likaendelea kubeba mahindi na makaa. Ada ilipatikana polepole, na mdogo wetu alichelewa darasani majuma mawili. Hata hivyo jina la gari la baba halikuuzwa.

Kwa hiyo twawapa ndugu zetu mashauri machache. Usikate gari la zamani kabla ya kusoma namba zake na kuziandika daftarini. Ukiuza, uza zima pamoja na karatasi zake. Vitu vilivyo kambini ni mali ya serikali, visiguswe. Ukiona kombora au risasi porini, rudi nyuma ukawaarifu wakubwa. Tangi tupu la petroli lisikatwe kwa moto, maana mvuke uliobaki ndani hulipuka. Na zile saa za ndege na magari ya vita, ambazo mishale yake iling'aa gizani, nyingi zilipakwa rangi yenye radiamu, ambayo ni sumu hata kama mng'ao umekwisha. Zisifunguliwe, wala watoto wasichezee.

Tena, wako wazee waliofanya kazi Baka, waliosukuma ndege na kuendesha malori, yaani kamio kama tusemavyo huku. Wanapungua kila mwaka. Mwenye mzee wa namna hiyo nyumbani na achukue kalamu, amwulize alifanya kazi gani, kwa gari gani, mwaka gani. Ndege zilizoharibiwa hazitarudi, lakini daftari hilo laweza kuandikwa jioni hii.