Kabla Ukoo Haujaketi

Nilifika Juba mwaka 2012, Sudan Kusini ikiwa bado changa, nikiwa nesi Mkenya wa wagonjwa mahututi mwenye hofu moja: mawakili. Nairobi tulifundishwa kuandika kila kitu, maana faili huenda ikasomwa siku moja mbele ya hakimu au Baraza la Wauguzi. Juba sikumwona wakili. Niliona wanaume wamejaa nje ya wodi, wengine na sare zao, wakiuliza ni nani aliyemgusa ndugu yao mwisho.

Hapa kifo kina hesabu yake. Sheria ya Adhabu ya mwaka 2008, kifungu cha 206, inawaruhusu jamaa wa aliyeuawa kuchagua fidia ya kimila badala ya muuaji kunyongwa. Kwa Wadinka wa baadhi ya sehemu ni ng'ombe 51. Kifungu hicho ni cha mauaji, si cha tiba. Lakini familia isiyoelezwa kitu haitofautishi. Juzi mtu alikuwa anaongea, jana kawekewa mpira kooni, leo ni maiti. Ukoo unaketi kutafuta mwenye deni.

Ndiyo maana nilizoea kuuliza mapema: mkiketi, nani atazungumza? Mara nyingi si mke anayelala kwenye mkeka chini ya dirisha, wala kijana anayetumwa famasi. Ni baba mdogo aliye mtaa wa Gudele, ambaye hajatia mguu hospitalini. Mke anajua yote. Baba mdogo hajui lolote, na ndiye atakayehukumu. Tukawa tunawaketisha pamoja kila jioni. Kiarabu changu cha Juba ni cha sokoni, na vijana waliokulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, wanajua Kiswahili vizuri, lakini mtoto wa watu habebeshwi mzigo wa kutamka kifo cha baba yake. Alitafsiri muuguzi mwenzangu.

"Mzee, mapafu yamechoka. Mashine ndiyo inayompumulia. Anaweza kutuacha usiku huu." Hatukuahidi kupona. Na la umeme tulilisema kabla halijatokea: stima ikipotea tutampampu kwa mkono mpaka jenereta iwake, mkituona tunakimbia ni hilo. Familia iliyoambiwa hivyo husimama kando na kuomba. Isiyoambiwa huvunja mlango.

Korona ilipoingia Aprili 2020, ilisemekana nchi nzima ina mashine nne za kupumulia, nchi iliyokuwa na makamu watano wa rais. Watu walizijua hesabu zote mbili. Ukinyamaza, ndugu anaamini mashine kapewa mkubwa fulani.

Baada ya mazungumzo niliandika: saa, aliyekuwepo, alichouliza, nilichojibu. Ukoo ulipokuja na polisi, karatasi hiyo ilisomwa kwa sauti, na baba mdogo mwenyewe ndiye aliyesema, "Kweli, tuliambiwa." Si sisi pekee: hospitali za Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, zilianza mwaka 2001 kuwaeleza wagonjwa makosa waziwazi na kuwafidia, na madai yakapungua. Kule wanaogopa dola, huku ng'ombe na bunduki. Dawa ni ileile.

Wenye hospitali, mnaweka walinzi getini na hamweki hata benchi la jamaa. Daktari hupita raundi akaenda zake. Usiku kucha yupo nesi, peke yake na vitanda vyote. Ongezeni muuguzi mmoja zamu ya usiku, apate nafasi ya kuketi na jamaa hawa.