Zamu ya Usiku, sehemu ya 9: Alamu ya nyumbani na kibetri kidogo kama sarafu

Leo sizungumzii chanjo wala uji wa lishe. Nazungumzia alamu ya nyumbani, ile isiyo na waya. Najua wengi wenu mnaishi kama mimi: unaingia zamu usiku au unatoka alfajiri kuwahi sokoni, watoto wanabaki na dada. Soma mpaka mwisho hata kama huna mpango wa kununua alamu, maana kitu kilichonitisha inawezekana hata wewe unacho ndani.

Sisi tunakaa Isevya, hapa hapa Tabora mjini. Mwezi wa nne jirani yetu wa nyumba ya tatu aliingiliwa usiku. Walipitia mlango wa jikoni, wakabeba televisheni na mtungi wa gesi, watoto wamelala chumba cha pili. Usiku ule mimi nilikuwa wodini. Baba watoto anafanya kazi nje ya mkoa, anarudi mara moja kwa mwezi. Kwangu alikuwepo dada wetu wa kazi, binti wa miaka 20, pamoja na wanangu wawili. Mkubwa ana miaka sita, mdogo alikuwa na mwaka mmoja na miezi saba. Nilipotoka zamu asubuhi nikasikia habari ile, miguu iliniisha nguvu. Kwa hiyo mgao wa kikoba ulipotoka sikununua kitenge. Nilinunua alamu.

Seti yenyewe ilikuwa na kifaa kikubwa kinachoingia laini ya simu, king'ora, rimoti mbili, kihisi kimoja cha kuona mtu akitembea sebuleni, vihisi vitatu vya milangoni, na kibao cha namba cha kubandika ukutani. Kibao ndicho unachobonyeza namba za siri kuwasha na kuzima. Kihisi cha mlango ni vipande viwili, kimoja kwenye mlango na kingine chenye sumaku kwenye fremu. Mlango ukifunguka vinaachana, kifaa kikubwa kinapata taarifa, king'ora kinalia na simu yako inapigwa.

Fundi alikuja na drili yake. Mimi nikakaa na karatasi ya maelekezo kama ninavyokaa na karatasi ya dawa za mgonjwa. Haya ndiyo niliyojifunza, uyabebe.

Kwanza, usikubali fundi atoboe ukuta kabla ya kujaribu. Shikilia kibao pale unapopataka, bonyeza, uone kama kifaa kikubwa kinaitika. Nyumba zetu za matofali ya kuchoma zina kuta nene, na bati au mlango wa chuma unaweza kudhoofisha mawasiliano. Mahali pa kwanza tulipopachagua hapakufanya kazi kabisa. Tukasogea kama mita mbili kuelekea sebuleni, pakakubali.

Pili, kibao kiwe ndani, karibu na mlango unaotumia kila siku, lakini mtu wa nje asikione kupitia dirishani. Urefu, weka usawa wa kifua au bega la mtu mzima. Mtoto asikifikie hata akipanda kigoda.

Tatu, badilisha namba za siri zilizokuja na kifaa siku hiyo hiyo. Kifaa changu kilikuwa na namba mbili: moja ya kutumia kila siku, nyingine ya fundi ya kuingilia kwenye mipangilio. Watu wengi wanabadilisha ya kwanza wanaiacha ya pili. Na jamani, mwaka wa kuzaliwa mtoto siyo siri, umeshauandika kwenye keki.

Nne, pima muda. Ukishabonyeza kutoka, kifaa kinakupa sekunde kadhaa za kufunga mlango. Ukirudi kinakupa sekunde za kuzima kabla hakijalia. Cha kwangu kilipangwa sekunde 30. Nikachukua saa yangu ya kuhesabia mapigo, nikambeba mdogo mgongoni, nikashika na mfuko wa sokoni, nikaingia kama ninavyoingia siku zote. Kitasa chetu kinagoma kidogo. Nilifika kwenye kibao sekunde ya 38. Tukaongeza ikawa 60. Pima kwa mwendo wako ukiwa na mtoto na mizigo, usipime kwa mwendo wa fundi.

Tano, kuna hali mbili. Ya kutoka inawasha kila kitu. Ya kulala inawasha milango tu na kuacha kile kihisi cha sebuleni, ili mtoto akiamka kwenda kukojoa asiamshe mtaa mzima. King'ora chenyewe kifunge juu, mbali na kitanda cha mtoto. Sauti yake ni kali mno kwa masikio madogo.

Sita, umeme ukikatika kifaa kinabaki kwa betri yake ya akiba, hiyo ijaribu kwa kuchomoa waya. Na laini iwe na salio muda wote, la sivyo kitalia lakini simu yako haitaita.

Sasa nikiri kosa langu la kwanza. Namba ya siri sikumpa dada. Nilijiambia binti ni mgeni, ana miezi mitano tu kwangu, akiondoka itakuwaje. Nikamwachia rimoti tu. Wiki ya pili rimoti ikapotelea kwenye matandiko, mkubwa akafungua mlango wa nyuma, king'ora kikalia. Mimi niko wodini na simu iko kwenye mkoba. Kililia mpaka kikanyamaza chenyewe, watoto wanalia, binti anatetemeka, majirani wamejaa uani. Asubuhi aliniambia kwa adabu zake, "Dada, mimi ndiye ninayelala humu na watoto, lakini sijui kuizima."

Niliona aibu. Wageni wetu huwa tunawapeleka Kwihara, nje kidogo ya mji, kuona tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya kurudi na Stanley kutoka Ujiji. Ni nyumba ya kuta nene, vyumba vimezunguka ua wa ndani. Ukiiona unaelewa kwamba watu wa misafara walijua kujifungia. Lakini hata kule, aliyelala ndani alijua mlango unafungukaje. Mimi nilimfungia binti wa watu na wanangu kwenye nyumba ambayo ufunguo wake uko kichwani mwangu.

Tulichofanya: vibao vingi vinakubali namba zaidi ya moja. Dada akapata yake, baba watoto yake, mimi yangu. Mtu akiondoka unafuta namba yake peke yake. Tukafanya mazoezi mara tatu, mchana kweupe, kuwasha, kuzima, kupiga simu, mpaka akawa ananifundisha mimi.

Nikadhani nimemaliza. Kumbe bado.

Kama miezi miwili baadaye, saa tatu usiku, simu ikaita nikiwa zamu. "Dada, kile kidude cha mlango wa jikoni kimedondoka. Mtoto alikuwa nacho. Kimefunguka na kibetri sikioni."

Vihisi vyangu vya milangoni vinatumia kibetri cha mviringo, bapa, kinachong'aa kama sarafu. Kimeandikwa CR2032, maana yake upana wake ni milimita 20 na unene milimita 3.2. Fundi alikuwa amebandika vihisi kwa gundi tu. Mvuke wa jikoni na vumbi letu vikafanya kazi yao, gundi ikaachia.

"Mtoto anafanyaje?" "Anacheza tu dada, anacheka."

Hapo ndipo wengi tungesema basi, hajameza, tusubiri choo. Mama mwenzangu, usisubiri choo kwa kibetri. Kikikwama kwenye koo la chakula, unyevu wa pale unakiwezesha kupitisha umeme, na umeme huo unatengeneza kemikali ya kuunguza, ya jamii ya kostiki tunayotengenezea sabuni. Kinaanza kuunguza nyama ya koo hapo hapo. Ndani ya saa mbili mtoto anaweza kuwa ameumia vibaya sana, na kuna watoto wamekufa. Hata kibetri kilichoisha, ambacho hakiwashi tena rimoti, bado kina nguvu ya kuunguza. Na mwanzoni mtoto anaweza asionyeshe dalili yoyote. Zikija zinafanana na mafua au koo: kukohoa, kutoka mate, kukataa kula, kutapika, kupumua kwa sauti.

Nilimwambia, "Mdogo wangu, nisikilize. Usimtapishe. Usimpe maji wala chakula. Chukua asali kabatini, mpe vijiko viwili vidogo, halafu panda bodaboda uje naye sasa hivi. Mkubwa mwachie mama jirani."

Asali siyo uganga. Inapaka koo na kupunguza ukali wa kuungua wakati mko njiani. Lakini shika masharti yake: mtoto awe ameshatimiza mwaka mmoja, awe anaweza kumeza vizuri, na isiwe zimepita saa 12 tangu ameze. Ni vijiko viwili vidogo kila dakika 10, visizidi mara sita. Mtoto chini ya mwaka usimpe asali kabisa. Na usikae nyumbani kwa sababu ya asali. Kama haipo usiitafute, ondoka.

Walifika baada ya dakika 25. Nimepokea watoto wa watu wengi mlangoni pale, ila huyu nilimpokea mikono inatetemeka. Daktari wa zamu hakuniuliza mara mbili, akaandika eksirei kuanzia shingoni mpaka tumboni. Hapa ndipo umuhimu wa kusema neno "betri" kwa sauti: kwenye picha sarafu na kibetri vinafanana sana, ila kibetri pembeni huwa kinaonyesha duara mbili. Daktari akijua anatafuta nini, anaangalia kwa makini. Na kikionekana kimekwama kooni kinatakiwa kitolewe kwa haraka, siyo kesho.

Picha ilitoka safi. Hakuna kitu. Nilikaa chini sakafuni pale pale na sare yangu, nikalia. Dada naye akalia. Mtoto alikuwa anashangaa anatuangalia, mdomo umejaa asali.

Kibetri tulikikuta asubuhi, chini ya ndoo ya maji.

Hiyo nayo ni ya kwangu, siyo ya fundi wala ya aliyeniuzia. Kila nikiingia zamu nakagua toroli ya dharura, nahesabu kila kitu. Nyumbani niliweka vibetri vitatu usawa wa mikono ya mtoto, kila kimoja kwenye kifuniko cha kufunguka kwa kucha, na sikuvihesabu.

Sasa vihisi vyote vimehamia juu kabisa ya fremu. Vinafanya kazi vilevile, mradi sumaku na mwenzake vikaribiane. Vimefungwa kwa skrubu, na vifuniko vimezungushiwa gundi ya utepe. Vibetri vipya vinakaa na dawa, kwenye kabati la kufuli. Kilichoisha nakifunga selotepu pande zote mbili kabla ya kukitupa. Kila Jumapili dada na mimi tunajaribu alamu, tunagusa kila kihisi kuona kama kimelegea, tunahesabu: vitatu milangoni, viwili kwenye rimoti. Vitano.

Usiku huu kabla hujalala, zunguka nyumba yako. Angalia rimoti ndogo, kipimajoto cha kidijitali, mzani, ufunguo wa gari, toy inayowaka taa au kuimba. Kifuniko kisicho na skrubu kifunge kwa utepe au kiweke juu. Kibetri kikipotea na mtoto alikuwa karibu, hesabu kwamba amekimeza mpaka eksirei iseme hapana. Hata akikiingiza puani au sikioni ni dharura ile ile, usimtie matone ya aina yoyote, mkimbize.

Alamu bado ipo, na naipenda. Nikiwa wodini usiku moyo umetulia zaidi kuliko zamani. Mwonyeshe dada wako post hii, msomee kama hajui kusoma vizuri. Yeye ndiye atakayekuwa na mtoto siku hiyo.

Saa moja kasoro, napanda bodaboda kuwahi zamu. Usiku mwema.