Mkoko wa kwenda Malolo

Ukiwa mwandishi wa habari, ndugu zako wanaamini unajua kila kitu. Leo utaulizwa bei ya ufuta, kesho dawa ya presha, keshokutwa nani atagombea ubunge. Safari hii nimeulizwa gari. Ndugu zangu wa Malolo, kule Lindi kati ya Ruangwa na Nachingwea, wamechanga hela za korosho na ufuta za misimu mitatu, mama naye akaongeza zake kutoka hapa Dar, halafu mjomba akanipigia: "Mjomba, tutafutie mkoko wa porini. Usiotusumbua." (Kwetu mjomba na mpwa tunaitana hivyo hivyo, msichanganyikiwe.)

Wadau, hela za watu sita kwenye bahasha moja zinatisha kuliko za kwako mwenyewe. Ukinunua simu mbovu unaumia peke yako. Ukinunua gari bovu kwa hela za ukoo, hata msibani watakaa mbali na wewe.

Nikamuuliza swali la kwanza: gari ni la kazi gani? Akajibu bila kusita, "La kuwindia." Mjomba ni mtoto wa mwindaji. Babu alikuwa na gobore na alitembea kwa miguu mpaka huko Mbwemkuru. Kwa hiyo kichwani mwake picha ni ile ya filamu: gari wazi nyuma, watu wamesimama na bunduki. Ikabidi nimkumbushe kwamba Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haikuruhusu kumpiga mnyama risasi ukiwa juu ya gari. Gari linakufikisha, kuwinda ni kwa miguu, tena ukiwa na leseni mfukoni. Na gari likikamatwa limebeba nyara bila kibali, mahakama inaweza kulitaifisha. Yaani korosho za misimu mitatu zinaondoka kwa paja moja la swala.

Hapo akanyamaza kidogo. Nikasikia sauti ya mkaza mjomba nyuma yake: "Mwambie na ile ya wagonjwa."

Ile ya wagonjwa ni hii. Miaka michache iliyopita, masika, binti wa mjomba alishikwa na uchungu usiku. Bodaboda hakuthubutu kumbeba. Wakakodi gari dogo la mtu, zuri kabisa kwa lami, lenye hata nembo ya kuzungusha matairi manne. Likazama kwenye korongo, tumbo limekaa juu ya tope, matairi yanazunguka hewani. Alijifungulia pale pale, wanawake wawili wamemshikia kanga, mvua inanyesha. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Kwa hiyo tulipokuwa tunazungumza gari la kuwindia, wote tulijua tunazungumza gari gani.

Mtu wa mjini akisikia gari la porini anawaza nguvu. Injini kubwa, matairi mapana, taa sita juu ya paa. Kusini nguvu tulishaletewa, tena kwa meli. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wao wa karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakaleta matrekta na matingatinga, mengi yakiwa masalia ya vita, na baadhi yakiwa vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Wakajenga na reli kutoka Mtwara. Mashine zikaharibika kwa mamia, spea hakuna, mafundi hawatoshi, na Januari 1951 mradi ukafutwa. Reli nayo iling'olewa baadaye. Kila nikipita Nachingwea nawaza: zile mashine hazikukosa nguvu. Zilikosa mtu wa kuzitengeneza siku ya pili.

Upande wa pili kuna yule Mzungu wa Liwale, Ionides, bwana nyoka, aliyefariki mwaka 1968. Alikuwa askari wa wanyamapori, na pori la Selous (ambalo sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu 2019) alilizunguka sana kwa miguu, na wapagazi wamebeba mizigo. Sisemi tununue wapagazi. Nasema tu kwamba pori lile halijawahi kuuliza mtu ana gari gani.

Basi nikaanza kuzunguka na swali moja tu: fundi wa Ruangwa au Nachingwea, mwenye spana na taa ya tochi, anaweza kulifufua? Swali hilo likafuta magari mengi siku ya kwanza. Zile pikipiki za matairi manne mnazoziona kwenye mahoteli ya Zanzibar zilitoka kwanza: ni raha kwenye mchanga wa pwani, lakini mgonjwa utamlaza wapi? Gari ndogo za familia zinazojiita za porini zikafuata. Nyingi hazina gia ya chini, ile ya kupunguza mwendo na kuongeza nguvu, na bila gia ile kwenye tope utachoma klachi bure. Suzuki Jimny kaniumiza moyo kumwacha. Mdogo, mwepesi, ana chesisi ya kweli, ekseli nzima na gia ya chini. Ningekuwa peke yangu ningenunua hiyo na kulala usingizi. Ila familia yetu haienei, na gunia la mbaazi halikai kwenye mapaja.

Wakabaki wazee wawili, na hapo ndipo ugomvi wa vijiweni unapoanzia.

Land Rover kwanza, maana mjomba ana mapenzi nayo. Nani wa kusini hakupanda 109? Jina lile ni inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ndivyo na 110. Bodi ni ya aluminiamu, haili kutu kirahisi (chesisi ni chuma, hiyo inaliwa vizuri tu, kwa hiyo usidanganyike na bodi, lala chini uangalie). Ile 110 inazungusha matairi yote muda wote, na ukifunga difu ya katikati inapanda kama mbuzi. Zile za kabla ya 1998 hazina kompyuta kwenye injini, baada ya hapo ikaja yenye mambo ya umeme. Zilikoma kutengenezwa Januari 2016. Fundi wa 109 yupo, lakini anazeeka, na vijana wake wamehamia kwenye pikipiki.

Halafu Land Cruiser, ile ngumu, ambayo Bongo tunaiita mkonga kwa sababu ya bomba lile linalopanda pembeni ya kioo. Wengi wanadhani bomba lile ni la kuogelea. Linasaidia kwenye maji, ndiyo, lakini kazi yake ya kila siku ni kuvuta hewa ya juu isiyo na vumbi jingi. Mtu aliyewahi kufuata lori kwenye vumbi jekundu la Ruangwa mwezi wa tisa ananielewa.

Familia hii ilianza mwaka 1984. Injini niliyoitafuta ni 1HZ, dizeli ya lita 4.2, pistoni sita, haina turbo, haina kompyuta. Haina haraka. Ukiwa nayo barabara ya Lindi mabasi yatakupita mpaka uone aibu. Lakini inavumilia dizeli ya kwenye madumu, na injini hiyo hiyo imo kwenye magari ya wagonjwa, ya polisi, ya maaskari wa wanyamapori. Maana yake spea zipo, na fundi ameshaifungua mara nyingi. Matairi yake yale membamba ya inchi 16, yenye mpira wa ndani, yakitobolewa na kisiki kijana wa kijijini anaziba kwa kiraka cha baiskeli na pampu ya mkono. Tairi pana la mjini litakuletea picha nzuri tu.

Tatizo ni bei. Watu wanaijua thamani yake, kwa hiyo hata iliyochoka inauzwa kama ina mimba. Kuagiza nje yenye umri mkubwa kuna ushuru wa ziada wa uchakavu. Nikaishia kwenye zilizotumika hapa hapa, nyingi zikiwa zimetoka kwenye miradi. Nikajifunza kufika saa kumi na mbili asubuhi bila kumwambia dalali, nikishika boneti kwanza. Likiwa la moto, ameshalipasha, kuna kitu anaficha. Nikiwasha naangalia moshi: mweusi kidogo ukikanyaga, sawa, wa buluu usioisha, linakula oili. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, ondoka, usibishane. Halafu nachukua gazeti (letu wenyewe, lina matumizi) naingia chini kuangalia kama chesisi imechomelewa. Nazungusha zile funguo za kwenye vikombe vya matairi ya mbele, maana gari nyingi za mjini zimekaa miaka kumi bila kufungwa, zimeganda, na dereva anadhani ana matairi manne kumbe ana mawili. Mwisho kadi ya gari, TRA, namba ya chesisi kwa namba ya injini.

Nililiona la saba. Pikapu, mlango mmoja kila upande, rangi imefubaa, kiti cha dereva kimechanika. Fundi niliyekwenda naye akalala chini dakika ishirini, akatoka akasema neno moja: "Lipeleke." Mjomba nilipomtumia picha hakufurahi. "Mjomba, mbona kama la mkaa?" Alitaka lenye milango minne na kioo cheusi. Mkaza mjomba akachukua simu akauliza urefu wa bodi nyuma. Nikampa. Akasema kitanda cha kamba kinaingia, liletwe.

Kwenye kikao cha ukoo waliandika karatasi, nami nikaisoma kwa simu kwa sauti wote wasikie. Ufunguo unakaa kwa mkaza mjomba. Wa leseni ya kuwinda aoneshe leseni kabla ya kupewa, hata kama ni mjomba mwenyewe. Kila aliyeazima arudishe na dizeli. Mgonjwa haulizwi dizeli. Mjomba alibishana na kipengele cha pili karibu saa nzima, akatia saini.

Liko njiani sasa, limevuka daraja la Mkapa jana jioni. Nyuma kuna matairi mawili ya akiba, jeki ndefu, koleo, mbao mbili za kuweka chini ya matairi, fani beti, filta nne za dizeli, na godoro ambalo mama amenunua Kariakoo na kulifunga kwenye nailoni.