Saa ya Baba Inataka Taa Moja

"Imefutika," Mama alisema.

Alikuwa amesimama sebuleni kwake Nakuru, chini ya taa ndefu ya florosenti, akikitazama kipande cha kioo nilichokuwa nimetoka kukitundika ukutani. Nikasogea, nikatazama pia. Kweli, hapakuwa na kitu. Ukungu wa kijani tu, kama mafuta juu ya maji ya dimbwi, na nyuso zetu mbili zikituangalia kutoka ndani.

"Haijafutika, Mama. Ni taa."

"Sasa taa si inawaka?"

Ilikuwa Jumapili. Jumamosi iliyofuata tungetimiza mwaka mmoja tangu tumzike Baba, na mimi nilikuwa nimeahidi ukoo mzima kwamba wataiona saa yake.

Baba alikuwa fundi saa. Ukipita kwenye kibanda chake ungemkuta ameinama, kioo cha kukuza kimebanwa jichoni, hakusikii mpaka umwite mara mbili. Saa yake mwenyewe ilikuwa ya kutia ufunguo, ya chuma, na aliivua usiku tu. Nilipokuwa mwaka wa nne chuoni nikisomea fizikia, nilimwomba aniazime saa hiyo na kile kioo chake kwa wiki moja nivifanyie hologramu. Hakuuliza hologramu ni nini. Alipanda matatu, akaniletea mwenyewe Nairobi.

Picha ya kawaida inaandika mwanga ulikuwa mkali kiasi gani. Hologramu inaandika pia mwanga huo ulikuwa unatoka upande gani, ndiyo maana ukisogeza kichwa unaona ubavu wa kitu. Dennis Gabor alilipata wazo hilo mwaka 1947, leza haijazaliwa bado. Leza ya kwanza iliwaka 1960, na mwaka 1962 Yuri Denisyuk wa Umoja wa Kisovieti akachapisha njia ambayo mimi niliitumia: unachukua kioo kilichopakwa emulsheni, unaweka kitu nyuma yake, unapitisha leza. Mwanga unaokwenda na ule unaorudi kutoka kwenye kitu vinakutana ndani ya emulsheni na kuacha humo matabaka membamba sana. Uzuri wake ni kwamba baadaye huhitaji leza tena. Mwanga mweupe unatosha. Matabaka yenyewe yanachagua rangi yao.

Sharti ni moja: kitu kisitikisike, hata kwa sehemu ndogo ya elfu moja ya milimita. Tuliweka ubao wetu juu ya tyubu za gari zilizojazwa upepo, tukafanya kazi usiku, malori yakiwa machache barabarani. Na saa ilibidi isimame. Nilipomwambia Baba hivyo, alicheka mpaka akakohoa. "Miaka yote nalipwa zitembee," akasema. "Wewe unataka nikuletee iliyokufa." Basi hakuitia ufunguo. Ilisimama saa tisa na dakika saba. Nikaiegemeza kwenye udongo wa mfinyanzi, nikaweka kioo chake cha kukuza mbele yake, nikaipiga.

Baada ya mazishi, vitu hivyo viwili vilikuwa kwenye mkoba wangu. Nilikuwa nimekaa dirishani kwenye matatu, simu sikioni, foleni imesimama. Mkono mmoja tu, na mkoba haupo. Mama hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Kwa hiyo nilikifunga kile kioo kwenye leso, nikarudi nacho Nairobi, na Jumatatu nikashuka Luthuli Avenue.

"Nataka taa ya LED ya kumulika picha ukutani."

"Chukua hii paneli, sista. Wati 18. Hii ukiwasha ni kama uwanja wa mpira."

Nikachukua. Nyumbani, uwanja wa mpira ulimulika ukuta wote, na katikati ya ukuta kile kioo kikabaki na ukungu wake. Jumanne nikarudi, nikanunua ile ya spoti yenye macho matano. Hapo nikaanza kuona kitu: saa tano zimepandiana, kila moja imesogea kidogo kutoka kwa mwenzake, mishale mingi mpaka huwezi kusoma chochote. Nilikaa sakafuni nikalia. Najua ni taa tu. Lakini nilishampotezea mara moja, na sasa niliona nampotezea mara ya pili.

Jumatano stima ikapotea. Nikawasha tochi ya simu nitafute kibiriti, na mwanga ukapita ukutani. Saa ikatokea.

Si kwamba ilionekana vizuri zaidi. Ilikuwepo. Imekaa kwa ndani, nyuma ya kioo, rangi ya dhahabu inayoelekea kijani, na mikwaruzo yake yote. Nikasogeza simu, ikapotea. Nikairudisha juu, ikarudi.

Nilikaa gizani nikifanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya tangu Jumapili. Kila sehemu ya taa inachora saa yake. Taa ikiwa pana, saa zinakuwa nyingi na zinachafuana, na kadiri kitu kilivyo mbali nyuma ya kioo ndivyo uchafu unavyozidi. Unachukua upana wa taa, unagawa kwa umbali wake, unazidisha kwa kina cha kitu. Saa ya Baba iko kama milimita 40 ndani. Florosenti ya Mama ina urefu wa sentimita 120 na iko kama mita mbili kutoka ukutani: uchafu wa milimita 24, karibu saa nzima. Taa yenye uso wa sentimita 10 ikiwa umbali wa mita moja na nusu: karibu milimita tatu, tarakimu zote zimekwenda. Lakini chipu moja ya LED, ya milimita moja na nusu, ukiiweka umbali huohuo? Sehemu nne za mia moja ya milimita. Jicho haliwezi kuliona kosa hilo.

Kumbe sikuwa nimekosa mwanga. Ulikuwa umenizidi, tena ukitoka kila upande.

Alhamisi yule muuzaji aliponiona alianza kucheka. "Sista, leo unataka ya airport?"

"Nataka chipu moja. Wati tatu. Isiyo na kifuniko cha maziwa."

Alinitolea chipu iliyobandikwa kwenye kibati cha alumini, na draiva yake. Akataka kuniongezea lenzi ya kukusanya mwanga. Nikakataa, kwa sababu ukiiangalia taa kupitia lenzi hiyo, lenzi yote ndiyo inawaka, na tumerudi kwenye upana. Akaniuliza mwanga mweupe au wa njano. LED nyeupe, ukiichunguza, ni chipu ya bluu iliyofunikwa unga wa njano. Ile kali ya 6500K inabaki na bluu nyingi, na bluu ndiyo inayotawanyika zaidi ndani ya emulsheni na kuleta ule ukungu. Saa yangu haitumii bluu. Nikachukua ya 3000K.

Ijumaa jioni nilikuwa Nakuru. Nilipaka mgongo wa kioo rangi nyeusi, upande usio na emulsheni, ili ukuta usichungulie. Nikaifunga taa darini, mita moja na nusu kutoka kwenye kioo, ikishuka kwa nyuzi 45, pembe ileile ambayo leza ilitumia usiku ule. Ukiishusha zaidi, kichwa cha mtazamaji kinaiziba. Nikaizungushia kopo jeusi isimchome mtu machoni. Kisha nikazima florosenti.

Mama alikuja akikausha mikono kwa kanga. Akasimama. Akainamisha kichwa kushoto, halafu kulia, na ndani ya kioo kile kioo kingine, cha Baba, kikawa kinakuza tarakimu moja baada ya nyingine, maana hata kwenye hologramu lenzi haiachi kazi yake. Akanyoosha mkono. Kidole kikagonga kioo.

"Saa tisa na dakika saba," akasema.

"Hakuitia ufunguo. Nilimwomba."

Alinyamaza kidogo. "Kumbe ni wiki ile. Wiki nzima aliniuliza saa ngapi. Kila dakika tano, mama watoto, saa ngapi? Nikamwambia, fundi saa mzima, hauoni aibu?" Akacheka, akafuta macho kwa ile kanga.

Nilitaka kumwomba msamaha wa mkoba. Nilikuwa nimejipanga tangu Naivasha.

"Usiwashe hiyo nyingine," akasema. "Wacha hii."