Lamu, Mji Usio na Haraka

Wengi wetu siku hizi twaishi kama watu wanaofukuzwa. Twala tumesimama, twasalimiana huku twapitana, na jioni mtu akiulizwa, "Umeshindaje leo?" hujibu, "Kazi nyingi," wala hakumbuki alichokula mchana. Kwa hiyo mwezi huu twawaletea habari za mji mmoja wa pwani ambao njia zake zenyewe humfundisha mtu kwenda polepole, tuone kama liko jambo tuwezalo kulichukua huko tukarudi nalo nyumbani.

Mji huo ni Lamu, upande wa kaskazini wa pwani ya Kenya, katika kisiwa chenye jina lilo hilo, jirani na visiwa vya Manda na Pate. Msafiri wa nchi kavu hutoka Mombasa, akapita Malindi na Garsen, hata afike Mokowe, na hapo barabara imekwisha. Ajaye kwa ndege hushuka Manda, naye pia hajafika. Basi awe tajiri au maskini, hana budi kuingia chomboni na kuvuka maji. Hata mwenye haraka kubwa hukaa kitako kwanza, akatazama mikoko na ndege wa ufuoni.

Akishuka gatini huona mji wa kale uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Nyumba zake ni ndefu na zimesongamana, na katikati yake vichochoro ni vyembamba sana, hata jua la adhuhuri halipati nafasi ya kuingia vema. Njia kuu huitwa Usita wa Mui, nayo pia ni nyembamba. Mwaka 2001 shirika la UNESCO liliuandika mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia, maana ni mji wa Waswahili uliotunzwa vizuri kuliko mingine, tena watu wangali wakiishi humo kama walivyoishi wazee wao.

Katika vichochoro hivyo hapana motokaa iwezayo kupita. Mawe, mchanga, saruji na magunia ya unga huchukuliwa na punda, na kazi yao ni kubwa hata mwaka 1987 ilifunguliwa hospitali ya kuwatibu. Punda mwenye shehena akija, mchungaji wake hupaza sauti, "Simile! Simile!" na watu hujibanza ukutani mpaka apite. Wala hapana anayeona kwamba ameibiwa wakati wake. Tena kwa sababu ya wembamba wa njia, watu wawili hawawezi kupishana pasipo kuonana uso kwa uso, na walioonana hawana budi kusalimiana. Kijana humwamkia mzee, "Shikamoo," mzee akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Mama yako hajambo?" Kisha huulizana habari za nyumbani, na za mgonjwa. Salamu ndefu namna hii twaweza kuidhani kuwa ni upotevu wa wakati; lakini kwa njia hiyo mji wote hujua ni nani aliyelala na njaa na ni nani aliyefiwa.

Mbele ya nyumba nyingi za mawe pana daka, yaani kibaraza kilicho mlangoni, chenye viti vya mawe kuume na kushoto. Waliojenga nyumba hizo walikuwa na shughuli nyingi, maana walikuwa wafanya biashara waliotazamia vyombo vije na pepo za kaskazi na kuondoka na kusi. Hata hivyo walipochora nyumba zao waliweka mahali pa kukaa pasipo na kazi nyingine ila kukaa na kuzungumza. Nasi siku hizi twajenga nyumba yenye vyumba vingi, nafasi ya kumketisha jirani isipatikane.

Bahari nayo ni mwalimu. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, wala si saa zile zile, maana kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50 kupita jana. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, huwa bamvua. Katikati yake huwa maji mafu. Katika kisiwa cha Manda yako magofu ya Takwa, mji uliostawi tangu karne ya 15 hata ukaachwa karne ya 17, na katika magofu hayo umebaki msikiti na kaburi lenye nguzo ndefu. Chombo huendea huko kwa mkondo upitao kati ya mikoko, na maji yakiwa yamekupwa hakipiti. Mgeni akimwambia nahodha, "Bwana nahodha, twende sasa," atajibiwa, "Bwana, maji hayajajaa. Kaa kwanza." Fedha za mgeni haziongezi maji hata shubiri moja. Basi hukaa, na akikaa vema, badala ya kunung'unika, huona mambo ambayo asingeyaona: kaa wakitoka mashimoni mwao, na watoto wakitafuta chambo topeni.

Lakini msomaji asidhani kwamba watu wa Lamu ni wavivu. Upande wa magharibi wa kisiwa kiko kijiji cha Matondoni, kinachojulikana kwa mafundi wa vyombo. Fundi hutafuta mti uliopinda wenyewe, ufaao kuwa taruma, akauchonga kwa tezo, akaupima, akauchonga tena. Mbao zikisha kupigiliwa, huja kazi ya kukalafati: pamba iliyotiwa mafuta hushindiliwa katika kila ufa, nyundo ikigonga taratibu kutwa nzima. Kazi hiyo haikubali pupa. Ufa mmoja ukirukwa leo, mabaharia watakumbuka siku ya tufani. Hapo twaona tofauti ya upole na uvivu: mvivu huiacha kazi, na mpole huikaa kazi mpaka iishe sawasawa. Ndivyo alivyo mama asukaye ukili barazani. Hakazani na mkeka wote, hushughulika na kindo kilicho mkononi, na mwisho mkeka huwa umekwisha.

Jioni, jua likipoa, watu hukusanyika katika kiwanja kilicho mbele ya ngome, ambayo ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 19 na kumalizika kama mwaka 1821. Ngome hiyo ilikuwa gereza kwa miaka mingi, hata mwaka 1984. Baadaye ikafanywa makumbusho. Muuza kahawa hupita na dele lake la shaba likiwa juu ya makaa. Kikombe chake ni kidogo, chashika mafunda machache tu, na kahawa yenyewe ni chungu, ina moto na harufu ya tangawizi. Hapana awezaye kuigugumia. Mtu hunywa funda, akala tende au kipande cha halwa, akasikiliza habari, akanywa tena. Nyumbani nako watu hula katika sinia moja, na walao pamoja hawashindani mbio. Mkubwa humngoja mdogo, na mwenye mkono mwepesi huuzuia.

Hata hivyo lazima tuseme kweli yote. Upole wa mji wa kisiwani una gharama yake. Mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku, akihitaji kuvushwa maji, hafaidiwi na mashairi juu ya subira; huyo ahitaji mashine yenye nguvu na nahodha aliye macho. Vijana nao wataka kazi yenye mshahara. Tarehe 20 Mei 2021 gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa katika ghuba ya Manda, ambako meli kubwa zaweza kufunga, na pikipiki nazo zimekwisha kuingia kisiwani. Wengine wafurahi, na wavuvi wengine walihuzunika kwa kuharibiwa mahali pao pa kuvua. Sisi hatuwezi kuwaambia watu wa Lamu wakae kama walivyo ili wageni wapate kuwatazama. Neno tunalojifunza ni hili: haraka ni mtumishi mwema akiitwa kwa haja yake, kama vile kumwokoa mgonjwa, bali akiachiwa nyumba yote, huwafukuza wenyewe.

Basi ndugu msomaji, huenda hutaiona Lamu maisha yako yote, nauli ni ghali na safari ni ndefu. Lakini daka waweza kulifanya. Weka gogo au kigoda mbele ya mlango wako, ukae hapo nusu saa kabla ya giza, bila kazi mkononi, na ajaye mkaribishe. Baba, ukirudi shambani au kazini, usiulize kwanza chakula. Uliza watoto wamecheza nini, ukangoje jibu mpaka mwisho, hata likiwa refu. Mama, unapochagua mchele, mwite binti yako mchague pamoja, mzungumze. Nanyi vijana, mkitumwa kwa babu, msirudi mbio kabla hajamaliza hadithi yake, maana mwaka ujao huenda asiwepo wa kuimaliza. Haya yote hayapunguzi hata kazi moja ya siku. Jua litakuchwa saa ile ile kwa mwenye mbio na kwa asiye na mbio, ila huyu wa pili atakuwa ameliona likichwa.