Msumari katika mwembe: namna wazee wetu walipima maji ya Ziwa

Tukisikia neno "mila", wengi wetu tunafikiri mara moja ngoma, mahari, matanga na majina ya mababu. Ni kweli, hayo ni mila. Lakini kupima maji pia ni mila, na sisi tunaoandika kurasa hizi tulichelewa kuitambua. Tumefundisha jeografia hapa Kalemie miaka mingi, na diploma ya ISP mkononi. Kila mwaka tuliandika ubaoni: Ziwa Tanganyika, urefu zaidi ya kilometa 650, kina mita 1470, nchi nne kandokando yake. Watoto walinakili, tukaenda kwa somo lingine. Hata siku moja hatukuwauliza kama mwaka ule maji yako juu ao chini.

Mjomba wetu hakusoma sana. Alifanya kazi bandarini, na sehemu moja ya kazi yake ilikuwa kutazama kila asubuhi ubao wenye namba uliosimamishwa ndani ya maji, kisha kuandika namba ile katika daftari. Kwetu ndugu ya mama njo mwenye neno juu ya kiwanja na juu ya ndoa. Kwa hiyo mwaka 2008, tulipopata kiwanja karibu na ufuko, tulimpelekea habari kama inavyofaa, na bia mbili. Alikuja kutazama akiegemea fimbo yake. Hakuongea mingi.

"Mwana wa dada yangu, hapa hapana pa nyumba. Hapa ni pa maji. Maji iliendaka tu kutembea, itarudia."

Kiisha alituonyesha mwembe mmoja mzee, nyumba tano mbele ya kiwanja chetu. Katika shina kulikuwa msumari mkubwa wenye kutu, karibu urefu wa goti. Alisema aliupigilia mwenyewe mwaka 1964, siku maji yalipofika pale. Sisi tulicheka kidogo moyoni. Tulimjibu kwa heshima kwamba mti unakua, basi msumari nao umepanda. Alitutazama tu. Kumbe mwalimu wa shule alikuwa amesahau somo la botaniki: mti unaongezeka urefu kwa ncha zake, shina linanenepa tu, na msumari unabaki pale ulipopigwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tulijenga.

Tuseme kidogo juu ya Ziwa lenyewe, maana bila hiyo habari ya msumari haieleweki. Ziwa ni kama beseni kubwa. Maji yanaingia kwa mvua inayonyesha juu yake na kwa mito, kama Ruzizi upande wa kaskazini na Malagarasi upande wa Tanzania. Yanatokea kwa mlango mmoja tu, mto wetu Lukuga, unaoyapeleka hadi Lualaba. Lakini sehemu iliyo kubwa zaidi haipiti Lukuga. Inapanda juu kama mvuke kwa nguvu ya jua. Kila mwaka Ziwa linapanda mpaka mwezi wa nne ao wa tano, kisha linashuka mpaka mwisho wa kiangazi. Tofauti hiyo kwa kawaida haifiki mita moja. Lakini mvua ikizidi miaka kadhaa mfululizo, jua na Lukuga havimalizi deni, na maji yanajikusanya mwaka juu ya mwaka.

Lukuga pia ina historia yake. Cameron alifika mdomoni mwake mwaka 1874, Stanley mwaka 1876, na huyu alikuta mlango umezibwa na mafunjo na matope. Miaka michache nyuma kizuizi kile kilivunjika, na Hore alipopita mwaka 1879 aliona maji yakikimbia kwa nguvu. Ziwa likashuka mita nyingi. Halafu zikaja mvua kubwa za 1961 hadi 1964, zilizojaza maziwa mengi ya Afrika ya Mashariki, na letu likafika karibu mita 777 juu ya bahari. Hiyo ndiyo siku ya msumari. Sisi tulipojenga, Ziwa lilikuwa chini, na tulidhani tulichokiona kwa macho yetu ndicho Ziwa lote.

Mjomba alikufa mwaka 2012. Mwaka 2021 maji yakaingia uani, yakapita kizingiti. Tulilaza watoto juu ya meza. Yaliposhuka kidogo, tulikumbuka msumari. Tulimwita fundi mwashi na mpira wake wa plastiki wenye kuonekana ndani, ule wanaojaza maji ili kupata usawa wa msingi. Wanafunzi wetu wa mwaka wa tano walishika mpira, hatua kwa hatua, kutoka mwembe hadi ukuta wetu. Maji katika mpira hayajui diploma wala cheo: ncha moja ilisimama sawa na msumari, ncha nyingine ikasimama chini kidogo ya dirisha letu. Tulichora mstari kwa rangi nyekundu, tukaandika: 1964. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, basi maji haijamaliza?" Hatukuwa na jibu.

Sasa tuungame jambo ambalo ni vigumu kuandika. Katika kiangazi cha 2022 tuliamua kuuza nyumba. Ufuko ulikuwa umekauka tena, na bwana mmoja kutoka mbali alisema atakuja na makuta mkononi. Usiku ule, mbele ya yeye kufika, tulichukua chokaa tukapaka juu ya mstari. Tulijiambia: kila mutu ananunua kwa macho yake. Asubuhi mgeni alizunguka nyumba, akafurahi, akatoa bahasha. Hapo mama watoto akatoka jikoni.

"Baba, mbele ya kuhesabu makuta, kuja kwanza uone huku."

Akachukua kitambaa chenye maji, akasugua chokaa ile mbichi mpaka wekundu ukaonekana. Akamweleza habari ya mjomba, ya msumari, ya mpira wa fundi. Mgeni alitutazama sisi, si yeye. Alirudisha bahasha mfukoni, akaaga kwa adabu. Siku tatu hatukuongea vizuri nyumbani, na hasira ilikuwa yetu, haikuwa yake.

Tulihamia nyumba ya kupanga huko juu mlimani. Mwaka 2024 Ziwa lilikaribia tena kipimo cha 1964. Mwezi wa nne tulishuka kwa mtumbwi kuona ukuta wetu: maji yalisimama shibiri moja chini ya mstari. Yule bwana alikuwa ametuambia kwamba ana watoto sita.

Tangu hapo tumebadilisha somo. Wanafunzi wanapima. Kwa kijito, wanahesabu sekunde ambazo bomba la chemchemi linajaza ndoo ya litre 20: ikijaa kwa sekunde 40, ni nusu litre kwa sekunde. Kwa kisima, wanashusha kamba yenye jiwe na mafundo, kisha wanahesabu mafundo yaliyobaki makavu. Hapo walijionea kwamba Ziwa likipanda, maji ya visima vya ufukoni nayo yanapanda chini ya udongo, na umbali kati yake na shimo la choo unapungua. Mji wetu unajua kolera vizuri mno. Kamba yenye mafundo inaweza kumwambia mama mmoja aache kisima fulani, ao achemshe maji yake, mbele ya mtoto kuugua.

Wandugu wa chama chetu, hii ndiyo sababu tumeandika. Wazee wanaokumbuka maji ya 1964 wanapungua kila mwaka. Mmoja anajua ngazi iliyofunikwa, mwingine jiwe walipofunga mitumbwi, mwingine mti. Tuwaulize sasa, tupeleke mpira wa mwashi, tuandike mwaka na urefu, na tuchore mistari mahali ambapo kila mwenye kununua kiwanja ataiona. Kipimo kisichosemwa ni sawa na kipimo kisichofanywa. Na kipimo kinachofichwa ni kibaya kuliko hicho.

Mwembe ungali umesimama, na msumari ungali ndani yake. Siku moja moja tunapita pale na wanafunzi, tunawaambia jina la aliyeupigilia. Hatukusoma naye hata saa moja, lakini njo mwalimu wetu.